Sindano ya Bi Harusi: Historia ya Chanjo ya Pepopunda



Mfungo Mosi unakaribia na dukani kwetu hakuna pa kuweka mguu. Shela moja iko mezani inasubiri lulu, nyingine imetundikwa mlangoni, na magauni ya mashangazi yamejaa kwenye kapu. Sisi tunaoshona tunasikia mengi, maana mwanamke ukishamzungushia futi kiunoni, mdomo nao unafunguka. Wiki iliyopita tulikuwa tunamjaribisha gauni bi harusi mmoja, na tulipofika kwenye mkono wa kushoto akaruka. Tukadhani tumemchoma pini. Akasema hapana, amechomwa sindano ya pepopunda kituoni na bega bado linamuuma.

Hatujawahi hata kumpa pole, shangazi yake aliyekaa kiti cha wageni akadakia: "Hiyo sindano ndiyo inayofunga vizazi. Mtoto hajaolewa, wameshamfunga!"

Pakawa kimya. Hata aliyekuwa kwenye cherahani aliinua mguu. Binti akatugeukia kupitia kioo, nusu gauni limefungwa pini na nusu linaning'inia, akauliza polepole: "Eti kweli?"

Sote mle ndani tumechomwa sindano hiyo, na sote tuna watoto. Mmoja wetu anao watano. Kwa hiyo kumwambia "si kweli" ilikuwa rahisi. Lakini alipouliza, "Sasa kama haifungi, kwa nini wanachomwa wanawake tu?" tukabaki kutazamana. Hakuna aliyejua. Siku yetu ilipofika tuliambiwa lete mkono, tukaleta mkono. Basi tukaona aibu, tukaenda kuuliza wanaojua na kusoma, na kumbe sindano ile ina historia ndefu ambayo sisi wanawake ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kusimuliwa.

Tuanze na jina. Pepo, halafu punda. Aliyeupa ugonjwa huu jina hilo bila shaka aliona kilichomtisha. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya siku mbili za mwanzo kama watoto wote. Siku ya tatu, ya tano, au ya saba, anakataa ziwa. Si kwamba hataki, bali taya limekaza na mdomo haufunguki. Kisha mwili unakakamaa, mgongo unapinda kama upinde, na kila akiguswa, kila mlango ukigongwa, anashtuka na kukaza upya. Wazee walipoona hayo waliona pepo. Wakafukiza, wakatundika hirizi, wakakumbuka ni nani aliyeingia na jicho baya. Wengine waliuchanganya na degedege, ambalo ni jambo jingine.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye umri wake umeshapita miaka 80, alituambia amezika wawili kwa namna hiyo, na wote hawakufika siku ya saba. Akasema hivi, na sisi tukashindwa kuendelea kuuliza: hawakufika kufanyiwa akika. Kichwa hakikunyolewa. Majina alikuwa nayo mwenyewe moyoni, hajamwambia mtu.

Wala si maradhi ya kwetu peke yetu. Waganga wa Ugiriki ya kale waliyaandika. Waarabu waliyaita kuzaz, na Ibn Sina akayataja katika kitabu chake al-Qanun karibu miaka 1,000 iliyopita. Lakini kujua jina si kujua chanzo. Kwa karne zote hizo hakuna aliyejua kijidudu kinachoyaleta.

Kuna habari moja ya kisiwa ambayo ilitugusa kwa kuwa na sisi ni watu wa visiwani. Magharibi ya Scotland, mbali baharini, kuna visiwa vidogo vinaitwa St Kilda. Watu wake waliishi kwa ndege wa baharini na kondoo, wachache, wacha Mungu kwa dini yao. Katika karne ya 19 zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa pale walikufa wakiwa na siku chache tu, na wenyeji wakauita ugonjwa wa siku nane. Wengi waliona ni kadari, hakuna la kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mchungaji wao, Angus Fiddes, alikataa kuridhika. Alivuka bahari kwenda Glasgow kujifunza namna ya kumpokea mtoto kwa usafi, akarudi na dawa za kuosha mikono na kitovu. Vifo vikakoma. Hapakuwa na chanjo wakati huo. Kitovu tu kilishughulikiwa kwa usafi.

Maana hapo ndipo mlango ulipo, kwenye kitovu. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo wanasayansi walikuwa wameshaanza kukamata chanzo. Mwaka 1884 ilionekana kwamba udongo wa kawaida ukiingizwa mwilini mwa mnyama unaweza kumpa ugonjwa huu. Mwaka 1889 Mjapani Kitasato Shibasaburo, akiwa Berlin, alifanikiwa kumkuza kijidudu mwenyewe. Kijidudu hiki anaishi kwenye mchanga, kwenye vumbi, kwenye samadi ya ng'ombe, ya farasi na, ndiyo, ya punda. Anajifunga ndani ya ganda gumu linaloweza kustahimili hata maji ya moto kwa muda, na anaweza kukaa hivyo miaka akisubiri. Akipata kidonda kisichoingia hewa, anaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayokaza misuli.

Hapa tuweke neno kwa mafundi wenzetu. Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda, na sindano ya cherahani ikimwingia mtu kidoleni tunaangalia kwanza kama ina kutu. Kutu haina kosa. Sindano mpya inayong'aa ikianguka sakafuni, ikaokotwa na vumbi lake, ikazama kidoleni, hatari ni ile ile.

Sasa fikiria kitovu cha mtoto kinavyokatwa kwa wembe ulioshaokotwa, kikafungwa kwa uzi uliotoka popote, kisha kikapakwa majivu, masizi, mafuta ya samli au samadi, kama ilivyofanywa mahali pengi duniani ili kikauke haraka. Hatuwasemi vibaya wakunga wetu wa jadi. Wao ndio waliotuzaa sisi na mama zetu, walikesha usiku kucha kwa kipande cha kanga na dua ya mama. Walitumia walichokuwa nacho, na adui hakuonekana kwa macho.

Mwaka 1890 Kitasato na mwenzake Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyekingwa ina kitu kinachoizima sumu ile. Kwa miaka mingi baada ya hapo dawa ya kuizima ilitengenezwa kwa damu ya farasi. (Tulicheka kidogo tulipofika hapo. Pepo wa punda, dawa yake farasi.) Lakini dawa hiyo ilikuwa ya kumpa aliyejeruhiwa, na kinga yake haidumu. Miaka ya 1920 nchini Ufaransa, Gaston Ramon akapata njia ya kuiua makali sumu yenyewe kwa dawa iitwayo formalini, ikabaki sumu isiyodhuru ila mwili unaitambua na kujifunza kupambana nayo. Hiyo ndiyo chanjo. Ndani yake hamna kijidudu hai na wala sumu kali hamna.

Na ilipopatikana, walipewa nani kwanza?

Wanajeshi. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza na Marekani yalichanjwa, na jeshi zima la Marekani, mamilioni ya watu waliogaagaa kwenye matope na kujeruhiwa, lilipata wagonjwa 12 tu wa pepopunda katika vita yote. Kumi na wawili! Mnamo mwaka 1945, basi, dunia ilikuwa imeshajua namna ya kuuzuia ugonjwa huu karibu kabisa. Bibi yetu yule wa mtaani alizika watoto wake miaka mingi baada ya hapo.

Hili ndilo lililotuuma kuliko yote tuliyoyasoma. Dawa ilikuwepo, na mwanamume aliyekwenda vitani aliipata. Mwanamke aliyelala kwenye mkeka akijifungua, ambaye naye kwa hakika yuko vitani, hakuipata, na wala hakuna aliyefikiri kwa haraka kwamba yeye ndiye wa kuchomwa. Walifikiri juu ya mtoto. Lakini mtoto anaugua akiwa na siku tano, na chanjo inahitaji wiki kadhaa kufanya kazi. Ukimchoma siku anayozaliwa umeshachelewa.

Jibu lilitoka mbali, kisiwani tena, huko New Guinea. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya kazi iliyofanywa na daktari Schofield na wenzake katika eneo la Maprik, ambako watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi. Waliwachoma chanjo wajawazito. Walioichomwa mara moja tu haikuwasaidia watoto wao. Waliochomwa mara mbili au tatu, watoto wao walikingika kwa kiasi kikubwa sana, hata pale ambapo uzazi ulikuwa wa nyumbani na kitovu kimekatwa kama zamani. Mwili wa mama ukishajifunza, unatengeneza kinga, na kinga hiyo inapita kwenye kondo la nyuma na kumwingia mtoto angali tumboni. Anazaliwa nayo. Inamlinda wiki zile za mwanzo mpaka atakapofika umri wa kuchomwa zake mwenyewe, wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Swali la bi harusi wetu, kwa nini wanawake tu, jibu lake ndilo hilo. Mtoto hana njia nyingine ya kuzaliwa amekingwa ila kupitia kwa mama yake. Baba akichanjwa anajikinga mwenyewe, vizuri sana, na kama ni mkulima au fundi ujenzi tunamshauri aende. Lakini hawezi kumpitishia mwanawe.

Kutoka kujua hadi kufika mlangoni kwetu palikuwa na safari nyingine. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo kwa nchi zote, na Tanzania ikaanza wake mwaka 1975. Mama zetu wanakumbuka kadi za mwanzo, zile za rangi zilizokunjwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa na picha ya harusi. Hata hivyo, kwa miaka mingi macho yalikuwa kwa watoto, na wanawake wakawa nyuma. Ilikadiriwa kwamba mwaka 1988 peke yake watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka uliofuata, 1989, mataifa yakaazimia kuutokomeza ugonjwa wa watoto wachanga ifikapo mwaka 1995. Lengo halikufikiwa. Mwaka 1999 wakaanza upya, safari hii wakimtaja na mama mwenyewe, kwa kuwa naye huupata akijifungua au mimba ikiharibika mahali pasipo safi.

Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza mwaka 2012. Neno kutokomeza hapa lina maana yake maalumu: chini ya mtoto 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya, si kwa wastani wa nchi. Maana yake wilaya ya mbali nayo lazima ifike.

Na kufika huko ni kazi. Wafanyakazi wa afya wanaiita huduma ya mkoba, na anayeishi mjini hawezi kuijua vizuri. Chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inaharibika, na hii ya pepopunda ikiganda barafu inaharibika pia, kwa hiyo huwezi kuitumbukiza tu kwenye barafu ya samaki ukaondoka nayo. Muuguzi anabeba kisanduku chake cha baridi, anapanda gari hadi mwisho wa njia, kisha kama ni Tumbatu au Kojani au Fundo, anapanda chombo. Sheha ameshatangaza, msikitini kumetangazwa, na wahudumu wa kujitolea wameshapita nyumba kwa nyumba. Meza inawekwa skuli au chini ya mwembe. Wanawake wanakuja na kadi, na wengine bila kadi. Yote hayo ni bure kwa anayechomwa. Sisi tunaosafirisha magauni Pemba tunajua bahari ikichafuka inakuwaje, na gauni halioza likichelewa.

Sasa turudi kwa shangazi, kwa sababu si haki kumcheka.

Maneno yake hayakuzuka hewani. Mwaka 1990 huko Cameroon ulienea uvumi kwamba wasichana wa skuli wanachomwa ili wasizae, na wapo waliokimbia kwa kuruka madirishani. Katikati ya miaka ya 1990 maneno hayo hayo yakafika Ufilipino na Mexico. Mwaka 2014 yakawa makubwa jirani zetu Kenya, pale maaskofu wa Kikatoliki walipopinga kampeni ya pepopunda kwa wanawake, na serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasema chanjo ni salama. Kenya na sisi tunasikilizana redio zile zile na tunatumiana sauti zile zile kwenye simu. Aliyopokea shangazi huenda yalitoka huko.

Na uvumi huo una mzizi wa kweli mmoja, nao ni vizuri ujulikane kuliko kufichwa. Nchini India, mtafiti Talwar na wenzake walijaribu kutengeneza sindano ya kupanga uzazi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Walichukua homoni ya ujauzito wakaiunganisha na chanjo ya pepopunda kama kibebeo. Ilijaribiwa kwa wanawake waliojitolea, ilizuia mimba kwa muda tu, na ni kitu tofauti na kinachotolewa vituoni. Lakini mtu akisikia "pepopunda" na "uzazi" katika sentensi moja, kisha akaona gari limekuja kijijini kuwachoma wanawake wa miaka 15 hadi 49 peke yao, na hakuna aliyekaa nao mkekani kuwaeleza ile habari ya kondo la nyuma, unategemea afikirie nini? Tuliochomwa bila kuelezwa tumepona kwa bahati ya kutosikia. Yeye alisikia.

Wapo madaktari watakaosema haya ni mambo ya kitaalamu, wanawake wa kijijini hawatayaelewa. Sisi hatukubali. Mwanamke anayejua hesabu ya ukuti wa mkeka, au kupanga marinda 40 yakatoka sawasawa bila kuandika, anaelewa kinga inavyopita kwa mtoto ukimweleza mara moja.

Upande wa dini, tumeulizwa na dada wawili watatu kwenye simu tulipotangaza tunaandika habari hii. Dini yetu imetuhimiza kutafuta dawa, na wanazuoni wameeleza kwamba kujikinga na madhara hakupingani na tawakkul; ngamia anafungwa kwanza. Kuhusu Ramadhani, masheikh wengi wa zama zetu wanaona sindano isiyokuwa ya lishe haiharibu funga, ila ukiona shaka nenda usiku wa kuamkia, au subiri wiki ya Idi, mradi usiiache kabisa. Mwenye shaka zaidi amuulize sheikh wake, asituulize sisi mafundi nguo.

Kwa walio kwenye maandalizi, hebu tuseme ratiba kwa lugha ya duka, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Sindano ya kwanza peke yake haikupi kinga ya maana. Ni kama vipimo tu, gauni bado. Ya pili unachomwa baada ya wiki 4, na hapo unapata kinga ya miaka 3. Ya tatu ni miezi 6 baada ya ya pili, inakupeleka miaka 5. Ya nne ni mwaka mmoja baadaye, miaka 10. Ya tano mwaka mwingine tena, na hiyo inakukinga umri wako wote wa kuzaa. Siku hizi dawa yenyewe imechanganywa na kinga ya dondakoo. Ukichomwa bega linauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo. Kadi yako ya utotoni ukiwa nayo nenda nayo, kwa sababu ulizochomwa mtoto zikiwa zimeandikwa muuguzi anazihesabu. Ukiwa tayari umeshika mimba pia unachomwa, na kliniki watakuambia.

Kitu kimoja muhimu tulichoelezwa: ndui ilifutwa duniani, ikatangazwa mwaka 1980, na leo watu hawachanjwi tena kwa kawaida. Pepopunda haitafutika hivyo. Ndui ilikaa kwa binadamu tu, hii imo kwenye mchanga wa uani. Na kwa kuwa haiambukizi mtu kwa mtu, jirani yako hata akichanjwa mara tano hakukingi wewe. Surua ni tofauti, wengi wakichanjwa inakosa njia. Hapa kila mwanamke na mkono wake.

Tunajua bajeti ya harusi ilivyo. Hina, singo, ukumbi, chakula cha watu ambao hata huwajui, sare za kundi zima, na sisi mafundi tunawabana na pesa ya haraka. Wengi sasa wanapima damu kabla ya nikahi, jambo ambalo miaka 20 iliyopita lilikuwa matusi kulitaja. Na zamani somo alimfunza mwari kila kitu: kujisitiri, kujifukiza, kukaa na mume, hata namna ya kukunja kanga ya mtoto atakayekuja. Tumewauliza masomo wawili tunaowafahamu kama wanataja chanjo. Mmoja alisema hapana, haijawahi kumpitia akilini. Wa pili alisema yeye humpeleka mwari mwenyewe, kwa mguu wake, kwa sababu mama yake mzazi alifiwa na mtoto wa kwanza katika siku za arobaini na hakuwahi kuacha kulizungumza.

Yule bi harusi alirudi Alhamisi kuchukua gauni, na shangazi alikuja naye. Tulikuwa tumejiandaa kama watu wa mtihani. Tulimweleza habari ya wanajeshi, ya kondo la nyuma, ya India pia hatukumficha. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika pochi yake mapajani, halafu akasema kwao Pemba, alipokuwa mdogo, mama yake alijifungua mtoto wa kiume aliyekaa siku sita, na kwamba walimhamisha mganga mara tatu katika siku mbili za mwisho. Hakusema zaidi. Akamwuliza binti sindano ya pili ni lini.

Binti alitoa kadi, tukaangalia sote. Imeangukia siku ya tano ya fungate. Tukapigiana kelele mle dukani, mmoja anasema asogeze mbele wiki moja, mwingine anasema bwana harusi ampeleke na baiskeli yake, ndiyo itakuwa matembezi yao ya kwanza. Muuguzi tuliyempigia simu akasema kuchelewa siku chache hakuharibu kitu, ila asiwahishe kabla ya wiki 4, na asisahau. Shangazi akachukua kalamu yetu ya kuchorea vitambaa, akaiandika tarehe nyuma ya kadi ya mwaliko, akaitia kwenye pochi.